Mizani ya kiongozi mpya wa upinzani: Itikadi au kura?

KIONGOZI mpya wa chama cha upinzani chenye siasa za mrengo wa kushoto hukabiliwa na mitihani miwili kwa wakati mmoja. Wanachama waliomchagua humtaka ashikilie itikadi bila kuyumba, ilhali taifa humuuliza swali jingine: je, anaweza kuaminiwa kuongoza serikali?

Mfano mwafaka ni wa Uingereza. Katika uchaguzi wa Desemba 2019, chama cha Labour chini ya Jeremy Corbyn kilipata viti 202 pekee kati ya 650, idadi ndogo zaidi tangu 1935. Keir Starmer alichaguliwa kumrithi mnamo Aprili 2020 kwa asilimia 56 ya kura.

Ili kuwavutia wanachama, Starmer alitoa ahadi 10. Miongoni mwazo ni kufuta karo ya vyuo vikuu, kuwatoza matajiri kodi zaidi, na kurejesha reli, posta, nishati na maji mikononi mwa umma.

Alipoanza kuwabembeleza wapigakura wa kawaida, nyingi zililegezwa au kuachwa. Ile ya karo ilitupwa mnamo 2023. Ya reli ilidumu, na sheria yake ikapitishwa mnamo 2024.

Je, mbinu hiyo ilifaulu? Mnamo Julai 4, 2024, Labour ilitwaa viti 411. Hata hivyo, ilipata takriban kura milioni 9.7, sawa na asilimia 34. Corbyn, aliyeshindwa mnamo 2017, alikuwa amepata karibu milioni 12.9, asilimia 40.

Siri imo katika mfumo wa uchaguzi. Kama ilivyo nchini Kenya, anayeongoza katika eneobunge hutwaa kiti hata bila kufikisha nusu ya kura. Mnamo 2017, kura nyingi za mrengo wa kulia zilikuwa za Conservative. Mnamo 2024, chama hicho kiligawana kura hizo na Reform UK, na Labour ikapenya katikati.

Lakini kuziacha ahadi kuna gharama. Baadhi ya wafuasi wa mrengo wa kushoto walihamia chama cha Greens, kilichopata viti vinne, au wagombea huru. Corbyn mwenyewe, akiwa mgombea huru, aliishinda Labour katika eneobunge la Islington North.

Kiongozi anayepunguza ahadi ili aaminiwe na wengi hana budi kuwaeleza mapema waliomchagua anachokiacha na sababu yake. Asipofanya hivyo, huenda akaingia Ikulu akiwa na wabunge tele, huku wafuasi wa kumtetea mambo yakiharibika wakiwa wachache.