Masika ya Uluguru hulipiwa Februari

Mkulima wa Uluguru hahitaji kuambiwa kwamba mvua za masika zinakuja. Zinakuja kila mwaka kati ya Machi na Mei. Kinachoziumiza kaya nyingi ni kuchelewa: fedha ya maandalizi huanza kutafutwa Aprili, wakati barabara imeshateleza, mnunuzi hapandi mlimani na bei ya debe la mahindi imeshapanda. Kazi ileile ikifanywa Februari ingegharimu nguvu za mikono na shilingi chache tu.

Hata Februari yenyewe si ya kuiamini sana. Tarehe 23 Februari 1970, mvua kubwa ya takriban saa tatu ilinyesha Mgeta na kusababisha maporomoko ya udongo zaidi ya elfu moja. Watafiti waliokwenda kuyachunguza waligundua kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba, mashamba yaliyopumzishwa na nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mizizi mirefu ndiyo iliyoushika udongo.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza si wa paa, ni wa mteremko ulio juu ya nyumba. Panda ukaangalie. Ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au maji yanayochuruzika mahali ambapo hayakuwahi kutoka ni dalili za udongo unaojiandaa kuhama. Hapo familia isilale usiku wa mvua kubwa. Ikubaliane mapema na ndugu au jirani aliye mahali salama. Mfereji wa kukinga maji juu ya nyumba huchimbwa kwa jembe, lakini uelekezwe kwenye mkondo wa asili, si kwenye ua wa jirani. Kesi za namna hiyo mabaraza ya kata yanazo za kutosha.

Kupanda miti ni suala gumu zaidi kuliko wataalamu tunavyolisema kwenye semina. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mwanamume anayelima shamba la ukoo wa mkewe husita kupanda mti wa kudumu, kwa sababu mti huonekana kama madai ya umiliki. Ushauri wangu ni kwamba wajomba waitwe kwanza, wakubaliane mti ni wa nani, kisha miche ndiyo itafutwe. Wakati suala hilo likisubiri, majani ya kulishia mifugo yaliyopandwa kukingama na mteremko hayana ugomvi, na yanasaidia.

Tuje kwenye chakula. Kaya ya watu sita inayotumia kilo 1.8 za mahindi kwa siku inahitaji kilo 166 hivi kuanzia Machi Mosi hadi Mei 31, yaani gunia moja na debe tatu au nne. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuuza gunia la mwisho kulipa ada ya shule. Anayeuza Februari na kununua Aprili anamkopesha mfanyabiashara bila riba, kisha anamlipa riba juu yake. Mahindi yakaushwe vizuri na kuwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chanja, mbali na ukuta. Mbegu, vyeti na daftari la madeni vifungwe kwenye nailoni na kuning'inizwa juu.

Kwa wakulima wa mboga hatari ni nyingine. Kabichi na nyanya zilizokomaa zote wiki moja, wakati lori haliwezi kufika Nyandira, ni hasara tupu. Karoti huvumilia kusubiri ardhini kwa muda, nyanya haivumilii. Ni vyema anayetegemea mboga agawe upandaji wake, sehemu iliyo kubwa ivunwe kabla ya barabara kuharibika na iliyobaki iwe ya mazao yanayosubiri.

Walio bondeni wana kumbukumbu zao. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli ya kati. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Siku chache baadaye, mapema Mei, Kimbunga Hidaya kilipiga pwani, na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika eneo la Somanga. Mfanyabiashara wa Morogoro anayetegemea bidhaa za njia hiyo aliuza alichokuwa nacho stoo, basi.

Mwenye duka la kijijini naye aagize chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya taa kabla ya katikati ya Machi, lakini asifungie mtaji wote humo, kwani wateja wake watakuja na daftari la mkopo wala si fedha taslimu. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kusaidia hapa kwa jambo dogo: marejesho ya Aprili na Mei yapunguzwe, yaongezwe baada ya mavuno. Pendekezo hilo lipelekwe kwenye kikao cha Januari, kabla mikopo mipya haijatolewa.