Apple Ilipohamia Intel

Tarehe 6 Juni 2005, mjini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, aliwatangazia waandishi wa programu waliokusanyika kwenye mkutano wao wa mwaka kwamba kompyuta za Macintosh zitaacha prosesa za PowerPC na kuanza kutumia za Intel. Kabla ya kutamka hayo alikuwa amewaonyesha kazi mbalimbali za mfumo wa Mac OS X kwenye skrini kubwa. Kisha akawafichulia kwamba mashine waliyokuwa wakiitazama muda wote huo ilikuwa na prosesa ya Intel tayari, Pentium 4 ya gigahezi 3.6. Kwa wapenzi wa Macintosh habari hiyo ilikuwa nzito. Miaka saba nyuma, Apple yenyewe ilikuwa imetoa tangazo la televisheni lenye konokono aliyebeba Pentium II mgongoni, kuonyesha jinsi bidhaa ya Intel ilivyo goigoi.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo na kufanya hesabu. Kila ukoo wa prosesa una lugha yake ya maagizo: chukua namba hii kwenye kumbukumbu, ijumlishe na ile, zilinganishe, ruka mpaka agizo fulani. Programu anayoinunua mtu dukani, iwe ya kuandikia barua au ya kuhariri picha, imekwisha kugeuzwa kuwa maelfu kwa maelfu ya maagizo ya namna hiyo, kwa lugha ya prosesa moja maalumu. Ndiyo maana kubadili prosesa ni kazi ya aina nyingine kabisa na kubadili betri au diski, vitu ambavyo fundi huvichomoa na kupachika vingine. Mashine yenye prosesa ya ukoo mwingine ikiwashwa, haielewi hata agizo moja la programu za zamani.

Apple ilikuwa imeshapita njia hiyo mara moja. Macintosh ya kwanza, ya Januari 1984, ilitumia prosesa ya Motorola 68000. Mwaka 1991 Apple iliungana na IBM na Motorola kutengeneza ukoo mpya, PowerPC, na mashine za kwanza za aina hiyo zikaingia sokoni Machi 1994. Ndani yake mliwekwa programu ya kuiga prosesa ya zamani, hivyo wateja wengi waliendelea kutumia programu walizokuwa nazo. Uzoefu huo haukusahaulika.

Kilichoiharibu ndoa ya Apple na PowerPC ni joto. Juni 2003 Jobs alizindua Power Mac G5, kompyuta ya mezani yenye prosesa ya IBM ya gigahezi 2, akaahidi kwamba katika muda wa miezi kumi na miwili ingefika gigahezi 3. Miaka miwili baadaye iliyo kali kuliko zote ilikuwa imefika 2.7 tu. Kasha la mashine hiyo lilikuwa na feni tisa, na mwaka 2004 toleo lake la juu lilibidi lipozwe kwa kimiminika kama injini ya gari. Kwa kompyuta ya mezani mambo hayo yanavumilika. Kompyuta mpakato haina nafasi ya feni tisa, na umeme wake wote unatoka kwenye betri. PowerBook, mpakato ya Apple, haikupata kamwe prosesa hiyo ya G5. Mpakato za Apple zilibaki na prosesa ya G4 ya zamani wakati wateja wa dunia nzima walikuwa wakizidi kuzipenda kompyuta za kubeba.

IBM nayo ilikuwa na hesabu zake. Apple ilishika sehemu ndogo ya soko la kompyuta, na kubuni prosesa baridi ya mpakato kwa ajili ya mteja mmoja wa kiasi hicho ni gharama kubwa. Wakati huohuo wateja wakubwa wa mashine za michezo walikuwa wamefika: Xbox 360 ya Microsoft, PlayStation 3 ya Sony na Wii ya Nintendo, zote zilikuwa zikijengwa juu ya prosesa zilizotoka kwenye ukoo wa IBM. Kwa hiyo Jobs alipopanda jukwaani hoja yake kuu ilikuwa kazi inayopatikana kwa kila wati ya umeme, na kasi tupu haikuwa na uzito huo. Kwa makadirio aliyoyaonyesha, wati moja ingezaa vipimo 15 vya kazi kwenye PowerPC na 70 kwenye Intel. Namba za mwuzaji ni za kupokelewa kwa uangalifu, lakini mwelekeo wake ulikuwa sahihi, na kila aliyewahi kuipakata mpakato iliyochemka anauelewa.

Hatua hiyo isingewezekana bila maandalizi yaliyofanywa kimyakimya. Mwishoni mwa 1996 Apple iliamua kuinunua NeXT, kampuni ambayo Jobs aliianzisha baada ya kuondoka Apple, na mfumo wa NeXT ndio uliozaa Mac OS X. Mfumo huo ulikuwa umeshafundishwa kufanya kazi kwenye prosesa za Intel tangu 1993. Apple haikuutupa uwezo huo. Kwa miaka mitano, kama Jobs alivyokiri siku ile, kila toleo la Mac OS X lilitengenezwa kwa namna mbili, moja ya PowerPC iliyouzwa na nyingine ya Intel iliyofungiwa ndani. Hili ndilo jambo la kustaajabisha zaidi katika habari nzima: kampuni ililipa mishahara ya wahandisi mwaka hadi mwaka kwa kazi ambayo pengine isingeonekana na mteja hata mmoja, ili tu isije ikawa mateka wa mwuzaji mmoja wa prosesa.

Zilibaki programu za watu wengine, na hizo ndizo zinazomfanya mteja anunue kompyuta. Waandishi wake waliombwa kuzitengeneza upya ziwe na maagizo ya lugha zote mbili ndani ya faili moja, ili mashine ichague inayoielewa. Kwa programu nyingi kazi ilikuwa ya siku au wiki chache. Nyingine zilikwama kwenye mitego midogo, na mmojawapo unastahili kuelezwa. Kompyuta huhifadhi namba kubwa kwa kuikata vipande viitwavyo baiti. PowerPC ilianza na kipande kikubwa, Intel huanza na kidogo. Tofauti hiyo inafanana na ya anayesema ishirini na tano na mzee wa pwani anayesema khamsa wa ishirini: namba ni ileile, mpangilio umepinduka. Binadamu huelewa zote mbili. Prosesa hufuata mpangilio wake tu. Namba 1 iliyoandikwa kwa baiti nne na PowerPC, ikisomwa na Intel bila kugeuzwa, inakuwa 16,777,216. Programu iliyohifadhi mafaili kwa mpangilio wa zamani ilipaswa kukaguliwa kila mahali ilipoandika au kusoma namba.

Kwa programu ambazo hazijageuzwa, Apple iliweka mkalimani ndani ya mfumo wenyewe na kumwita Rosetta. Jina hilo ni la jiwe lililopatikana mwaka 1799 karibu na mji wa Rashid nchini Misri, lenye tamko moja kwa maandishi ya aina tatu, ambalo liliwawezesha wataalamu kuyasoma maandishi ya Mafirauni. Teknolojia yake ilitoka Transitive, kampuni iliyochipuka kutoka Chuo Kikuu cha Manchester. Rosetta ilisoma maagizo ya PowerPC na kuyafasiri kuwa ya Intel wakati programu ikiendelea kufanya kazi, na mtumiaji hakulazimika kubonyeza chochote. Kwa kuandika barua, tofauti haikuonekana sana. Kwa kazi nzito za picha na video ilionekana wazi. Na programu za kabla ya Mac OS X zilikufa, kwa sababu mashine za Intel hazikuzipokea kabisa.

Mashine za kwanza, iMac na MacBook Pro, zilitangazwa tarehe 10 Januari 2006, mapema kuliko ilivyoahidiwa. Mpango ulikuwa kumaliza mwishoni mwa 2007. Agosti 2006 orodha yote ya Macintosh ilikuwa imehama. Programu kubwa zilichelewa: Photoshop ya Adobe ilipata toleo la Intel mwaka 2007, na Office ya Microsoft mwaka 2008. Nyingi za aina hiyo zilikuwa zimejengwa kwa zana za CodeWarrior za kampuni ya Metrowerks badala ya zana za Apple, na mamilioni ya mistari yalipaswa kuhamishwa kwanza. Wenye mashine za PowerPC walipewa toleo moja zaidi la mfumo, la 2007. Lililofuata, la 2009, lilikuwa la Intel peke yake. Mwaka 2011 Rosetta iliondolewa, na waliotegemea programu zisizogeuzwa wakabaki na uchaguzi wa kuzitunza mashine zao za zamani au kuziacha kazi zao.

Intel nayo iliachwa. Apple ilikuwa imeinunua kampuni ya wabunifu wa prosesa, P.A. Semi, mwaka 2008, na tangu 2010 iliweka prosesa ilizozibuni yenyewe kwenye iPad na iPhone, kwa lugha ya maagizo ya ARM. Intel ilipochelewa kuleta vizazi vyake vipya, Apple ilitangaza Juni 2020 kwamba Macintosh zingefuata njia hiyo. Mbinu zilikuwa zilezile: faili lenye lugha mbili, na Rosetta ya pili, ambayo safari hii ilifasiri sehemu kubwa ya programu mapema, kabla haijafunguliwa. Prosesa ya M1 ilitoka Novemba mwaka huo, ikawekwa pia kwenye MacBook Air isiyo na feni hata moja. Mac Pro ilihama mwisho, Juni 2023.