Volti 8 ghafi zilizofungua soko la kompyuta

Jalada la Januari 1975 la jarida la Marekani, Popular Electronics, lilibeba picha ya sanduku lenye safu za swichi na taa ndogo. Lilikuwa Altair 8800, kompyuta ya kujiundia nyumbani, iliyouzwa vipande vipande kwa dola 397 na kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, New Mexico. Mwenye kampuni, Ed Roberts, alitarajia wateja mia kadhaa. Oda zikaja kwa maelfu.

Altair inakumbukwa kwa chipu yake ya Intel 8080, na kwa vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, walioiandikia lugha ya BASIC. Sehemu iliyofanya kazi kubwa kuliko sifa zake imelala chini ya sanduku: ubao wa soketi ambamo kadi zote zenye chipu huchomekwa, pamoja na pawa saplai inayoulisha. Ubao huo haufanyi hesabu wala hauhifadhi kumbukumbu. Hata hivyo ndio uliojenga soko la kwanza la kompyuta binafsi, na kwa wanaofufua mashine hizo leo, ndio unaoamua kama zitawaka au zitaungua.

Kila kadi na regyuleta yake

Soketi za Altair zina pini 100 kila moja, kwa sababu Roberts alipata viunganishi vya aina hiyo kwa bei nafuu. Pini ya 1 ya soketi moja imeungana na pini ya 1 ya soketi nyingine zote, na hivyo hivyo hadi ya 100. Kadi inakaa kwenye soketi yoyote.

Uamuzi wenye uzito zaidi ulihusu umeme. Chipu nyingi za wakati ule zilitaka volti 5 zilizotulia. MITS hawakuzisambaza. Walipitisha kwenye ubao volti 8 ghafi, pamoja na takriban volti 16 chanya na 16 hasi, zilizotoka kwenye transfoma na kupita kwenye daiodi na kapasita kubwa, basi. Kila kadi ilibeba regyuleta yake ya kushusha zile volti 8 hadi 5.

Gharama yake ni joto. Regyuleta inayopitisha ampea 1 na kushusha volti 3 inageuza wati 3 kuwa joto tupu. Kadi yenye regyuleta tatu za namna hiyo inatoa wati 9 kabla hata hujahesabu joto la chipu zenyewe. Ndiyo maana feni ni lazima.

Faida yake ilikuwa uhuru. Mtengenezaji wa kadi hakuhitaji kujua jirani yake anakula umeme kiasi gani, wala ubao una urefu gani. Volti zikipungua kidogo njiani, regyuleta inasawazisha. Regyuleta ikiharibika, hasara inabaki kwenye kadi ile ile. Kwa hiyo mtu mwenye wazo zuri na pasi ya kulehemu aliweza kuuza kadi ya mashine ambayo hakuiunda yeye.

Wengi walifanya hivyo. Kadi za kumbukumbu za MITS zilipowasumbua wateja, Bob Marsh na wenzake wa Processor Technology huko California walitengeneza za kwao. Harry Garland na Roger Melen wa Cromemco walileta Dazzler, kadi ya picha za rangi, mwaka 1976. Kompyuta ya IMSAI 8080, ya San Leandro, ilichukua mpangilio ule ule wa pini, ikaongeza pawa saplai yenye nguvu zaidi na nafasi ya soketi hadi 22. Agosti 1976, ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea kwenye maonyesho ya Atlantic City, Melen na Marsh, ambao kampuni zao zilishindana sokoni, walikubaliana kuuita mpangilio huo S-100. Mwaka 1983 ukawa kiwango rasmi, IEEE 696, ingawa wakati huo kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa imekwisha kuwavuta wanunuzi.

Kuupata ubao

Mbao za zamani bado hupatikana minadani na kwenye mashine zilizobomolewa. Hakikisha kwanza kwamba njia za shaba za umeme hazikubabuka, na kwamba midomo ya soketi bado inabana. Uchafu wa pini usafishe kwa spiriti na kitambaa. Usitumie msasa, kwani dhahabu iliyopakwa juu ni nyembamba mno.

Njia ya pili ni kununua ubao mpya mtupu unaochapishwa na wapenzi wa fani hii, kisha ulehemu soketi mwenyewe. Ubao wa soketi tisa una viungo 900 vya kulehemu, na gharama kubwa iko kwenye soketi. Hapo wengi huteleza: pini za S-100 zimeachana milimita 3.175, wakati viunganishi vingi vya bei rahisi vina milimita 2.54. Tena umbali kati ya safu mbili za pini hutofautiana kulingana na ubao na mtengenezaji. Pima kabla ya kuagiza. Ubao mfupi unatosha wengi, maana kwenye ubao mrefu ishara hurudi nyuma na kuvuruga kadi, na hapo utahitaji saketi ya kuzituliza mwishoni mwa njia.

Kuulisha umeme

Usiwashe mashine ya umri huu kwa pupa. Chomoa kadi zote. Unganisha glopu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo na waya wa umeme wa ukutani. Ikiwaka kwa mwanga wote na kubaki hivyo, kuna shoti. Kapasita kubwa zilizolala miaka mingi zipandishiwe volti kidogo kidogo, na iliyovimba au kuvuja itupwe. Kisha pima: volti 8 kwenye pini za 1 na 51, volti 16 chanya kwenye pini ya 2, hasi kwenye ya 52, na ethi kwenye 50 na 100. Bila mzigo, ile 8 inaweza kusoma 10, na hilo ni la kawaida. Weka mzigo wa risista kubwa ya omu 2: itavuta takriban ampea 4 na kupata joto la wati 32, na hapo utajua kama pawa saplai ina nguvu kweli. Kadi ziingie moja moja, umeme ukiwa umezimwa na kapasita zimeisha chaji, kwa sababu pini za volti tofauti zimekaa jirani.

Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inatarajia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Tanzania na Kenya, kama Ulaya, tuna mizunguko 50. Transfoma ya kushusha umeme inapunguza volti, haibadilishi mizunguko, hivyo transfoma ya asili inaweza kupata joto kupita kiasi. Dawa ni transfoma iliyosukwa kwa umeme wetu, yenye volti zile zile upande wa kutokea. Kazi hiyo mafundi wetu wa kusuka transfoma wanaiweza.

Wapo wanaoshauri kuachana na haya yote: ng'oa regyuleta, lisha ubao volti 5 kutoka pawa saplai ya kisasa. Napinga kwa moyo wote. Kadi yenye regyuleta ikilishwa volti 5 inabaki na njaa, na kadi iliyong'olewa regyuleta ikichomekwa kwenye ubao wa volti 8 inaungua. Mashine iliyobadilishwa hivyo haiwezi tena kupokea kadi ya mtu mwingine, na kupokea kadi ya mtu mwingine ndiyo sababu S-100 ilikuwepo. Ukitaka pawa saplai ya kisasa, tafuta inayotoa volti 8, na 16 chanya na hasi, kisha uziache regyuleta zifanye kazi yake.