Mvuta Bangi na Watu Wake: Utangulizi

Wengi wanaokuja kwenye somo hili huanza kwa kuuliza bangi inafanya nini kichwani. Hilo ni swali la madaktari, nao wana kazi kubwa nalo. Sisi tunauliza jingine: kijana akijulikana kuwa anavuta, nani anaacha kukaa naye, nani anamficha, na nani anabaki kuwa rafiki yake?

Naanzia Peramiho kwa makusudi. Mji huu mdogo wa Tanzania, magharibi ya Songea, umekua kuizunguka misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898: abasia, Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, shule, seminari. Mahali kama hapa kila mtu ni mtoto wa fulani, na habari kwamba anavuta hufika nyumbani kabla yake. Mlevi wa komoni, pombe ya kienyeji, atachekwa, atashikwa mkono arudishwe kwake, na kesho atasalimiwa kama kawaida. Mvuta bangi anasemwa chinichini. Posa ikiletwa, wazee wa binti wakapeleleza na kulisikia hilo, mshenga ataambiwa binti bado anasoma, basi. Hata asiyevuta kabisa, akisema jambo lisiloeleweka, huulizwa: "Umevuta bangi nini?"

Sheria nayo, ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, inafanya kuvuta bangi kuwa kosa la jinai, na hofu ya polisi inazidi kuzifunga familia midomo.

Wanasosholojia wameligusa suala hili zamani. Howard Becker, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1953 baada ya kuhoji wavutaji 50 huko Marekani, alionyesha kwamba mtu hufundishwa na wenzake kuvuta, na hata kuiona raha yake. Erving Goffman, mwaka 1963, alieleza kwamba unyanyapaa huzaliwa katika mahusiano ya watu. Wasome wote wawili, lakini usiwaache Bena Riamba wa Kasai, Kongo, ambao katika karne ya 19, chini ya Kalamba Mukenge, walivuta bangi pamoja kama ibada ya udugu. Kwao, kuvuta ndiko kulikomwingiza mtu katika jamii.

Mimi siamini kwamba aibu humwachisha mtu bangi. Humsukuma kijiweni, ambako msokoto unapita mkono kwa mkono na hakuna anayemsimanga. Uvutaji mwingi, hasa ukianza utotoni, huongeza hatari ya maradhi ya akili. Lakini kijana akianza kusikia sauti, mama yake husita kumpeleka hospitali, maana muuguzi wa zamu anasali naye jumuiya moja. Siku zinapita, ugonjwa unakomaa.

Kwa hiyo anayeanza utafiti hapa asikimbilie kijiweni. Akionekana pale na daftari, amekwisha kuwataja wote waliokaa. Aanze na mashangazi, taratibu, bila kutaja jina la mtu: wao ndio wanaojua posa ipi ilirudishwa, na kwa nini.