Kalamu Isiyokauka: Namna ya Kudumu katika Utume wa Kuandika

Katika parokia nyingi za jimbo letu, kuanzia Bukoba mjini hadi vigango vya mbali vya Muleba, safari ya waandishi wetu hufanana. Mwamini mwenye karama huombwa aandike habari za parokia na mafundisho mafupi ya imani. Mwezi wa kwanza huandika kila wiki, tena kwa furaha. Mwezi wa tatu huandika mara moja. Ikifika Kwaresima amenyamaza kabisa, na habari ya mwisho aliyoiandika ni ya Noeli. Hakuna aliyemfukuza, wala imani yake haikupungua. Alichokosa ni utaratibu wa kuifanya kazi hiyo idumu.

Tunapenda kueleza hapa mambo yanayomsaidia mwandishi wa parokia, katekista au katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kuandika mfululizo, mwaka hadi mwaka, bila kuacha shamba, familia wala sala zake.

Ukimya wa mwandishi ni hasara ya nani?

Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Vitabu hivyo hutunza majina na tarehe. Havituelezi kigango kilijengwaje, nani alisomba mawe, wala katekista alitembea umbali gani kuwafundisha watoto. Hayo hubaki vichwani mwa watu, na hutoweka pamoja nao.

Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walilitambua hilo mapema. Walipoanza misheni ya Kashozi mwaka 1892, walikuwa tayari na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba kila misheni iwe na shajara yake. Ndani yake waliandika mambo ya kawaida: nani amefika, nani anaumwa, nani amebatizwa, njaa au mavuno yakoje. Wengi wao hawakuwa mafundi wa lugha. Walikuwa watu wa utaratibu. Leo anayetaka kujua Kanisa lilianzaje katika nchi za Maziwa Makuu hawezi kuzipita shajara hizo.

Mkoa wetu umepitia mengi tangu wakati huo: ugonjwa wa UKIMWI uliozikumba familia zetu tangu miaka ya 1980, kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. Katika nyakati hizo zote walikuwapo waamini waliowatunza yatima, waliosali na wafiwa na waliogawana chakula na walioanguka nyumba. Ni wangapi kati yao walioandikwa hata ukurasa mmoja? Kalamu ya parokia ikinyamaza, hasara huwaangukia wajukuu, watakaokosa mahali pa kuuliza.

Mwanafunzi wa Rubya aliyengoja miaka 35

Mfano bora wa udumifu katika kuandika umepita katika ardhi yetu wenyewe. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika eneo la Ziwa Viktoria, akakulia Ukerewe. Mwaka 1909 aliletwa katika Seminari ya Rubya, ambayo sasa imo wilayani Muleba, akasoma huko kwa takriban miaka kumi. Hakufikia upadre. Alirudi katika maisha ya walei, akaoa, na baadaye akalitumikia Kanisa huko Kagunguli kama katekista na mtafsiri.

Akiwa kwao aliona kwamba desturi na maneno ya Wakerewe yalikuwa yakipotea. Akaamua kuyahifadhi kwa njia ya hadithi ndefu ya mume na mke wapendanao ambao wanatafuta mtoto. Yeye na mke wake waliyajua machungu hayo, kwa maana watoto wao walifariki wakiwa wachanga. Aliandika kwa Kikerewe na kumaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Lugha yake ilikuwa ya watu wachache, na ilionekana hakuna atakayenunua. Miaka ikapita. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye maradhi ya viungo, alishauriwa aitafsiri kazi yake kwa Kiswahili. Akaketi, akaitafsiri mwenyewe. Kitabu *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* kilitolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza.

Waandishi wengi huacha kazi kwa sababu hawaoni anayesoma. Wanahesabu pongezi baada ya Misa. Zikikosekana, wanaona wamefanya kazi bure. Kitereza angepima hivyo, asingevuka hata sura za mwanzo. Alidumu kwa sababu alijua anamwandikia nani na kitu gani kingepotea asipoandika. Kila mwandishi wa parokia anahitaji kuwa na jibu la maswali hayo mawili kabla ya kununua daftari.

Chagua kipimo unachoweza kukishika wiki mbaya

Kosa la kawaida ni kuahidi kwa kipimo cha wiki nzuri. Wiki isiyo na msiba, umeme haujakatika na hakuna mgonjwa nyumbani, mtu anaweza kuandika makala tatu. Lakini wiki ya namna hiyo haiji mara nyingi. Ahidi kile unachoweza kukitimiza wakati wa kuchuma kahawa, siku za mitihani ya watoto, hata siku unapouguza. Kwa wengi wetu hiyo ni makala moja fupi kila baada ya wiki mbili. Makala 26 kwa mwaka, kwa miaka mitano, ni 130: hiyo ni historia ya parokia nzima.

Baada ya kipimo, weka saa. Watawa husali kwa saa zilizopangwa, wawe na hamu au wasiwe nayo, na hamu mara nyingi huja sala ikiwa imekwisha kuanza. Mwandishi naye achague nusu saa isiyobadilika, labda baada ya Misa ya asubuhi ya Jumamosi au usiku watoto wakishalala, na watu wa nyumbani waijue.

Tenganisha pia kukusanya na kuandika. Anayeketi mbele ya karatasi tupu bila kitu alichokusanya atachoka bure. Beba daftari dogo unapokwenda jumuiya, mazishini, au kwenye kikao cha halmashauri ya walei. Andika jina kwa usahihi, tarehe, na neno moja ulilolisikia. Nusu saa ya Jumamosi itatosha kama wiki nzima umekuwa ukisikiliza.

Tena, weka akiba. Mkulima hali mbegu zote, na mwandishi asichapishe kila alichonacho. Awe na makala mbili zisizozeeka: maisha ya mtakatifu msimamizi wa kigango, maelezo ya sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, au mazungumzo na mzee aliyeshuhudia ujenzi wa kanisa. Msiba ukitokea, akiba hiyo itaongea kwa niaba yake.

Siku unapokosa la kuandika

Mwandishi wa Kikatoliki hana sababu ya kudumu katika ukame wa mada, kwa kuwa Kanisa limempa kalenda. Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka hurudi kila mwaka, na masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A, B na C. Tarehe 3 Juni tunawaadhimisha Mashahidi wa Uganda, majirani zetu. Tarehe 24 Januari ni kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi wa Kikatoliki. Alipoona watu wa Chablais hawaji kusikiliza mahubiri yake, aliandika karatasi fupi za mafundisho na kuzipitisha chini ya milango yao. Ukiipanga kalenda hiyo mapema, nusu ya makala za mwaka zinajulikana Januari.

Kuandika wawili, na kuandika kweli

Nabii Yeremia hakuandika peke yake. Baruku alikuwa mwandishi wake. Mfalme Yehoyakimu alipokichana na kukichoma moto kitabu chao, waliketi wakaandika upya, wakaongeza na mengine mengi. Tunashauri kila parokia iwe na waandishi wawili angalau. Mmoja akichoka, mwingine ataendelea. Mmoja akiandika, mwingine asome kabla watu hawajasoma. Na kazi ikipotea, kwa simu kuharibika au daftari kuloa mvua, wawili huanza tena kwa moyo kuliko mmoja.

Msomaji huyo wa kwanza hulinda pia ukweli. Haja ya kutimiza ratiba isitufanye tuandike uvumi, tukuze idadi ya waliohudhuria, au tutangaze ugonjwa wa mtu bila ridhaa yake na ya familia yake. Mtakatifu Luka anasema mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza kila jambo kwa makini kabla ya kuandika kwa mpangilio. Afadhali wiki ipite bila makala kuliko makala moja imvunjie jirani heshima.

Na pumziko lina nafasi yake. Ukihitaji mwezi mmoja, waambie wasomaji na uwatajie tarehe ya kurudi. Ukiwa umekwisha kunyamaza miezi mingi, usitafute makala kubwa ya kurejea nayo. Andika aya tatu kuhusu ubatizo wa Dominika iliyopita, kisha urudi tena baada ya wiki mbili.

Wapendwa, katika mkutano ujao wa jumuiya yenu chagueni watu wawili, wapeni daftari moja, na muwatajie mzee mmoja wa kwenda kumsikiliza kabla ya mwisho wa mwezi. Paroko na halmashauri ya walei wawaombee na wawasome. Kazi hiyo ni ya kimya kimya, lakini ni utume.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee.