Kiwanda cha Magari Kinapofika Mgodini

Kwa muda mrefu kampuni za magari zilinunua vipuri kwa watengenezaji wengine, nao wakajitafutia shaba na risasi sokoni, hata mwenye kiwanda hakuwa na haja ya kujua madini yake yalichimbwa nchi gani. Gari la umeme limeuvuruga utaratibu huo. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2021 kwamba, bila kuhesabu chuma na alumini, gari hilo hutumia madini takribani mara sita ya gari la kawaida, na mengi yamo katika betri: lithiamu, ambayo chembe zake husafiri kati ya ncha mbili betri inapochajiwa na inapotumika, kinywe, madini meusi yanayounda ncha hasi, na, katika betri za aina fulani, nikeli na kobalti katika ncha chanya.

Takribani robo tatu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako huchimbwa pamoja na shaba. Pembeni mwa migodi mikubwa ya Kolwezi wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba katika mashimo membamba, wakajaza mawe magunia na kuyapeleka kwa wanunuzi, ambao huyapima kwa kifaa chao wenyewe na kutaja bei papo hapo, huku mchimbaji akiwa hana njia ya kukihakiki kipimo. Katika migodi mikubwa mawe huchenjuliwa, yaani hutenganishwa na uchafu kwa tindikali, hadi ipatikane haidroksidi ya kobalti, ambayo malori huivusha Zambia kuelekea bandari kama Durban na Dar es Salaam, ikapakiwa melini kwenda China kusafishwa. Mwenye mitambo ya kusafisha ndiye aliyeshika mpini, kuliko hata mwenye ardhi.

Wenye viwanda wameamua kutosubiri sokoni. Mwaka 2021 CATL ya China, inayoongoza duniani kwa kutengeneza betri za magari, ilinunua robo ya hisa za mradi wa Kisanfu huko Lualaba, na mwaka 2023 General Motors ikatangaza kuwekeza dola milioni 650 katika kampuni inayoendeleza lithiamu ya Thacker Pass, Nevada.

Hata hivyo uhusiano huu hauna usawa, kwa kuwa kiwanda kinaweza kubadili aina ya betri ilhali mgodi hauwezi kubadili jiwe lililomo. Betri za lithiamu, chuma na fosfeti, zinazotumiwa sana na BYD, kampuni ya magari ya China, hazihitaji kobalti wala nikeli, na mwaka 2024 zilikaribia nusu ya soko la betri za magari ya umeme. Bei ya kobalti ilipoporomoka kwa wingi wa uzalishaji, Kongo ilisimamisha mauzo ya nje Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa; hatua inayoeleweka, ingawa kila bei inapopanda, wenye viwanda hupata sababu nyingine ya kuikwepa kobalti.

Tanzania imo katika hesabu hiyo hiyo. Mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, ambao serikali ina asilimia 16 ya hisa zake, uliambatanishwa na mpango wa kiwanda cha kusafisha madini Kahama, lakini nikeli nyingi ya Indonesia imeshusha bei duniani. Madini ya kinywe ya Mahenge, mkoani Morogoro, ambako kundi la POSCO la Korea Kusini limenunua hisa za kampuni ya Australia yenye mradi, yana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu hata betri isiyo na kobalti bado huyahitaji katika ncha hasi. Mshindani wake ni kinywe cha kutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya usafishaji wa mafuta ghafi, nacho huzalishwa kwa wingi China.