Ukokotoaji na Ubadilishaji wa Wastani Limbikizi wa Alama katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wastani limbikizi wa alama za mwanafunzi wa chuo kikuu unavyokokotolewa na namna unavyobadilishwa kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Mifano imetolewa katika mifumo ya Tanzania, Uganda na Kenya. Hoja kuu ni kwamba wastani hauna maana kamili usipoambatana na kipimo chake, kiwango chake cha chini cha kufaulu na kanuni yake ya desimali. Mapendekezo yametolewa kwa watafiti wanaotumia wastani huo kama data na kwa watahini wanaopima kazi zao.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anapohitimu, miaka mitatu au zaidi ya masomo yake hufupishwa katika tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa nukta. Tarakimu hizo, ambazo walimu na wanafunzi wengi huziita GPA, ndizo zinazosomwa na mwajiri, mfadhili na kamati ya udahili wa uzamili. Nchini Tanzania, matangazo ya nafasi za mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma huweka sharti la wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Mwombaji mwenye 3.7 huondolewa kabla mtu yeyote hajasoma tasnifu yake wala kumsikiliza akifundisha.

Kwa kuwa sehemu moja ya kumi inaweza kuamua mustakabali wa mtu, ni muhimu kujua tarakimu hiyo imetoka wapi. Aidha, watafiti wengi wa elimu huichukua tarakimu hiyohiyo kuwa kigezo cha ufaulu, wakaijumlisha na kuilinganisha bila kuhoji asili yake. Makala haya yanaanza na ukokotoaji, kisha yanashughulikia ubadilishaji, na kumalizia na athari zake katika utafiti.

2.0 Ukokotoaji wa Wastani

2.1 Hatua za Msingi

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, alama ghafi za kozi ya shahada ya kwanza hugeuzwa kwanza kuwa gredi, na gredi kuwa pointi. Alama 70 hadi 100 ni A yenye pointi 5. 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4. 50 hadi 59 ni B yenye pointi 3. Na 40 hadi 49 ni C yenye pointi 2, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kufaulu. Baada ya hapo pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti za kozi hiyo, mazao yote hujumlishwa, na jumla hiyo hugawanywa kwa jumla ya krediti.

Jedwali 1: Mfano wa muhula mmoja

| Kozi | Krediti | Alama | Gredi | Pointi | Zao |
|---|---|---|---|---|---|
| Ya kwanza | 12 | 72 | A | 5 | 60 |
| Ya pili | 12 | 64 | B+ | 4 | 48 |
| Ya tatu | 8 | 58 | B | 3 | 24 |
| Ya nne | 8 | 69 | B+ | 4 | 32 |
| Ya tano | 8 | 47 | C | 2 | 16 |
| Jumla | 48 | | | | 180 |

Wastani wa muhula huu ni 180 kugawanya kwa 48, yaani 3.75. Iwapo pointi zingejumlishwa bila kuzingatia krediti, jibu lingekuwa 18 kugawanya kwa 5, yaani 3.6. Krediti ndizo zinazoipa kila kozi uzito wake, na kuziacha ni kuichukulia kozi ndogo kuwa sawa na kozi kubwa.

2.2 Kukata na Kukadiria Desimali

Madaraja ya shahada nchini Tanzania hutajwa kwa nafasi moja ya desimali: daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na daraja la kufaulu ni 2.0 hadi 2.6. Mipaka hiyo haisemi lolote kuhusu wastani ulio kati ya 4.3 na 4.4, wala kati ya 3.4 na 3.5. Pengo hilo huzibwa na kanuni ya desimali. Kanuni ya kukata huacha tarakimu ya kwanza baada ya nukta na kuondoa zinazofuata. Kanuni ya kukadiria hupandisha tarakimu hiyo endapo inayofuata ni 5 au zaidi.

Turejee Jedwali 1. Wastani wa 3.75 ukikatwa ni 3.7, ukikadiriwa ni 3.8. Kama huo ungekuwa wastani wa mwisho wa mhitimu, kanuni ya kwanza ingemnyima sifa ya kuomba nafasi ya mkufunzi msaidizi, na ya pili ingempa. Hakuna kozi iliyobadilika wala mtihani uliosahihishwa upya. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anapaswa kusoma kanuni za mitihani za chuo chake mwenyewe badala ya kutegemea programu za simu zinazokadiria bila kumwarifu.

2.3 Kuunganisha Mihula

Kosa linalojirudia zaidi ni kuchukua wastani wa kila muhula, kuujumlisha na kugawanya kwa idadi ya mihula. Tuseme muhula wa pili wa mwanafunzi wetu una krediti 72, kwa kuwa unajumuisha mafunzo kwa vitendo, na jumla ya mazao yake ni 234. Wastani wa muhula huo ni 3.25. Njia isiyo sahihi hutoa nusu ya jumla ya 3.75 na 3.25, yaani 3.50. Njia sahihi hujumlisha mazao, 180 na 234, kisha hugawanya kwa krediti 120, na jibu ni 3.45. Chini ya kanuni ya kukata, jibu la kwanza linamweka mwanafunzi katika daraja la pili la juu ilhali jibu sahihi linamweka katika daraja la pili la chini. Neno «limbikizi» lina maana hiyo hasa: kinacholimbikizwa ni mazao na krediti, si wastani wa mihula.

3.0 Kinachopotea katika Ukokotoaji

Kugeuza alama kuwa gredi hufuta tofauti zilizo ndani ya gredi moja na kukuza zilizo mpakani. Mwanafunzi wa kwanza akipata 69 katika kozi zote, alama zake ghafi zina wastani wa 69, lakini wastani wake wa pointi ni 4.0: daraja la pili la juu. Mwanafunzi wa pili akipata 70 katika nusu ya kozi na 60 katika nusu iliyobaki, kozi zote zikiwa na krediti sawa, alama zake ghafi zina wastani wa 65, lakini wastani wake wa pointi ni 4.5: daraja la kwanza. Mwenye alama chache amempita mwenye alama nyingi.

Mfano huu hauna maana kwamba mfumo wa gredi ni batili, kwa kuwa usahihishaji wenyewe hauna usahihi wa kutenganisha 68 na 69. Unathibitisha, hata hivyo, kwamba haiwezekani kurudi kutoka wastani wa pointi hadi asilimia. Mwombaji anayeandika kwamba 4.0 kati ya 5 ni «asilimia 80» ametaja alama ambazo huenda hakuzipata katika kozi hata moja.

4.0 Ubadilishaji wa Wastani

4.1 Udhaifu wa Uwiano Sahili

Njia inayotumiwa mara nyingi na waombaji wa masomo nchini Marekani ni kugawanya wastani kwa 5 na kuzidisha kwa 4. Kwa njia hiyo, 3.5 huwa 2.8. Kasoro yake hudhihirika tukiijaribu kwenye mpaka wa chini. Mhitimu mwenye 2.0 kati ya 5 amefaulu na ana shahada halali, lakini uwiano humpa 1.6, wakati vyuo vikuu vya Marekani kwa kawaida hudai 2.0 kati ya 4 ili mtu ahitimu. Njia inayomfanya mhitimu aonekane hakuhitimu haiwezi kuwa sahihi.

Ubadilishaji wenye mantiki hulinganisha ncha mbili: kiwango cha juu kwa kiwango cha juu, na kiwango cha chini cha kufaulu kwa kiwango cha chini cha kufaulu. Tukifanya hivyo, 5.0 inakuwa 4.0, 2.0 inabaki 2.0, na 3.5, iliyo katikati yake, inakuwa 3.0. Hata hivyo, kukokotoa huku ni makadirio tu. Mahali ambapo chuo kinachopokea kinataka tathmini ya kozi moja baada ya nyingine, mwombaji awasilishe nakala ya matokeo pamoja na ufafanuzi wa gredi, wala asibadilishe mwenyewe.

4.2 Alama Zilezile, Mifumo Mitatu

Ujerumani hutumia kanuni inayojulikana kama kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa, ambayo nayo hulinganisha ncha mbili. Katika kipimo cha Kijerumani, 1 ni bora kabisa na 4 ni kiwango cha chini cha kufaulu. Tofauti kati ya alama ya juu na alama aliyopata mwombaji hugawanywa kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu. Jibu huzidishwa kwa 3 na kuongezwa 1.

Tuchukue wanafunzi watatu waliopata 65 katika kila kozi. Wa kwanza anasoma Tanzania: 65 ni B+, wastani wake ni 4.0, daraja la pili la juu. Kanuni inatoa 2.0. Wa pili anasoma Chuo Kikuu cha Makerere, ambako 80 ndiyo huanzisha pointi 5, na 65 hadi 69 ni C+ yenye pointi 3.5. Kwa kuwa daraja la pili la juu huko huanzia 3.60, yeye yuko katika daraja la pili la chini, na kanuni inatoa 2.5. Wa tatu anasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako madaraja hutokana na asilimia: 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu na 40 ni mpaka wa kufaulu. Kanuni inatoa 2.75.

Ikiwa programu ya uzamili inataka 2.5 au bora zaidi, wa kwanza anapita bila shida, wa pili anapita kwa nafasi finyu, na wa tatu anakataliwa, ingawa nchini kwake ana daraja la juu kuliko wa pili. Haifai kuhitimisha kwamba mmoja ameonewa na mwingine amependelewa. Alama 65 haziwakilishi ugumu uleule wa mtihani mahali pote. Mahali ambapo A huanzia 80, huenda wasahihishaji hutoa alama kwa mkono mwepesi zaidi. Kanuni hubadilisha tarakimu; haibadilishi mazoea ya usahihishaji yaliyozizaa.

5.0 Athari kwa Watafiti na Watahini

Athari ya kwanza inahusu sampuli mchanganyiko. Nchini Tanzania, mafunzo ya ufundi ya ngazi ya 4 na 5 hupimwa kwa kipimo cha 4, na ya ngazi ya 6 kwa kipimo cha 5. Wastani wa 3.5 ni daraja la kwanza katika cheti na daraja la pili la juu katika stashahada. Mtafiti anayechunguza uhusiano wa sifa za udahili na ufaulu wa chuoni akiweka makundi hayo mawili katika safu moja ya data, amelinganisha vitu visivyolingana, na hakuna jaribio la kitakwimu litakalomwokoa.

Athari ya pili ni kwamba ulinganisho wa vyuo unahitaji kipimo cha pamoja. Njia mojawapo ni alama sanifu: wastani wa mwanafunzi hutolewa wastani wa kundi lake, na tofauti hugawanywa kwa mchepuko sanifu wa kundi hilo. Mwenye 3.8 katika kundi lenye wastani wa 3.2 na mchepuko wa 0.4 ana alama sanifu ya 1.5. Tarakimu hiyo huonyesha nafasi yake miongoni mwa wenzake, jambo ambalo 3.8 peke yake haionyeshi.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba tasnifu inayotumia wastani wa alama itaje mambo manne katika sura ya mbinu za utafiti: upeo wa kipimo, kiwango cha chini cha kufaulu, jedwali la gredi na pointi, na kanuni ya desimali. Mtahini asiyeyaona mambo hayo ana haki ya kuyadai kabla ya kukubali matokeo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba wastani limbikizi ni zao la maamuzi mengi: mipaka ya gredi, uzito wa krediti, kanuni ya desimali na njia ya ubadilishaji. Kila uamuzi unaweza kutetewa, lakini kila mmoja unaweza pia kumhamisha mtu kutoka daraja moja kwenda jingine. Kuandika «3.8» peke yake ni sawa na kutaja urefu bila kusema kama ni mita au futi. Mwanafunzi, mtafiti na mtahini wote wanawajibika kuitaja tarakimu pamoja na kipimo chake.